Papai la Kichuguuni

Mama mkwe alipokwenda Arua mwezi wa pili mwaka 2020 kutolewa mtoto wa jicho, aliniachia funguo za stoo, mbuzi mwenye mimba, na bustani. Funguo alinitia mkononi bila neno. Habari za mbuzi zilimalizika kwa sentensi moja. Bustani ilikula asubuhi nzima. Alinishika mkono, maana jicho lake la kulia lilikuwa limekwisha kuzimika na la kushoto lilikuwa linafuata, akanizungusha shina kwa shina, na kila tulipofika alilipapasa shina lile kabla ya kusema lolote.

Mparachichi ulipandwa mwaka aliozaliwa mume wangu. Miwaridi ilikuwa minne, mitatu myekundu na mmoja mweupe. Vijiti vyake vilikuja vimeviringishwa katika gazeti lililoloweshwa maji, ndani ya begi la baba mkwe, enzi za uaskari wake, kila alipopata likizo. Mpasheni ulitambaa juu ya banda la kuku. Bugenvilia ililinda lango. Kana zenye maua ya rangi ya moto zilikaa karibu na bafu, penye maji. Mchaichai ulishika ukingo wa njia. Kisha mipapai mitatu: miwili kando ya njia, aliyoipanda mwenyewe na kuilea kwa mbolea ya mbuzi, na wa tatu nyuma ya jiko, juu ya kichuguu, uliojiotea kutokana na mbegu iliyodondoshwa na ndege. Huo wa tatu aliupita haraka. "Huo ni wa Mungu," alisema. "Usiuhangaikie."

Akipanda gari aliniambia, "Wiki mbili tu, mwanangu. Nikirudi nataka niione kwa macho."

Mimi ni mtu wa Likoni, kule pwani. Nimekulia juu ya mchanga ambao ukiumwagia ndoo ya maji, hujageuka umekwisha kuyameza. Kwetu mti ukilegea majani una kiu, basi unaupa maji. Kanuni hiyo sikumbuki kufundishwa, na kwa mchanga wa Likoni ni kanuni ya kweli kabisa. Mume wangu, dereva wa malori, alinikuta huko akanileta Abuku, katika wilaya ya Koboko, ile pembe ya kaskazini-magharibi ya Uganda ambako Kongo iko upande mmoja na Sudan Kusini upande wa pili. Lugha haikunisumbua. Mama mkwe ni Mkakwa, lakini aliishi miaka mingi katika kambi za jeshi, na Kiswahili cha kambini ndicho alicholelea wanawe. Jirani yetu, bibi wa Kinubi tunayemwita Haboba kama wajukuu zake wanavyomwita, hukizungumza kwa mwendo wake mwenyewe, na sokoni Ariwara ng'ambo ya mpaka ndicho cha kununulia na kuuzia. Kilichonishinda Abuku ni udongo. Kiwanja chetu kiko mwisho wa mteremko, nao udongo wake ni mfinyanzi mwekundu, uleule ambao vijana huufyatulia matofali bondeni.

Na udongo huo haukuwa umepewa nafasi ya kukauka. Kwa kawaida mvua za huku huaga Novemba, halafu hadi Machi ni vumbi na moto wa nyika. Mwisho wa 2019 hazikuaga. Redioni walieleza kwamba Bahari ya Hindi upande wa Afrika ilikuwa imepata joto kuliko upande wa Indonesia, kwa tofauti kubwa isiyoonekana kwa miongo kadhaa, na mvuke wake ukaja kumwagika Afrika Mashariki. Niliposikia hivyo niliacha kuchambua mchele. Bahari niliyoogelea utotoni ilikuwa imenifuata mpaka Abuku. Mei iliyofuata Ziwa Viktoria lilifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, likaipita rekodi ya mwaka 1964, na watu wa kando ya Nile kule Pakwach wakahama nyumba zao. Sisi hatukuhama. Mafuriko yetu yalikuwa ya chini kwa chini, hayakuonekana na mtu.

Wiki mbili za mama mkwe hazikuwa wiki mbili. Jicho la kwanza lilifanyiwa upasuaji salama, akaambiwa angoje la pili kwa binti yake palepale Arua. Mwishoni mwa Machi magari ya abiria yakapigwa marufuku kwa sababu ya korona. Kutoka Arua hadi Koboko ni zaidi ya kilomita 50 za lami nzuri, lakini kwa mama mzee mwenye bandeji jichoni zilikuwa kama safari ya Hijaz. Mume wangu alikuwa mpakani Malaba, katika foleni ya malori yanayosubiri madereva wapimwe. Nyumbani tulibaki mimi, watoto wawili, shemeji yangu aliyemaliza shule mwaka uliotangulia, na bustani.

Ramadhani ilipoanza, siku za mwisho za Aprili, mipapai miwili ya njiani ililegea. Saa sita mchana majani yake yalining'inia kama miavuli iliyofungwa vibaya. Mvua ilikuwa imepumzika siku tatu, jua kali, na ganda la juu la udongo limepasuka. Nikatazama ule mpasuko, nikatazama majani, nikaona kiu. Kila jioni kabla ya adhana niliipa ndoo mbilimbili. Siku ya tatu majani ya chini yakawa manjano. Nikaongeza ndoo. Nilifanya hivyo kwa mapenzi, nikiwa na funga na mgongo unaniuma, na kila ndoo niliyoimwaga ilikuwa inaimaliza.

Shemeji aliona umanjano ule akasema ni njaa. Hakukosea kabisa: mvua nyingi huosha naitrojeni ardhini, na mahindi yake ya shamba la bonde aliwahi kuyaokoa kwa Urea. Akanunua kilo moja Koboko, akainyunyiza kila mahali, kwenye mipapai, miwaridi, hata mpasheni. Alichokuwa hajui, nami sikujua, ni kwamba mzizi uliokwisha kufa hauna kinywa. Chumvi ya mbolea ilibaki palepale ikiunguza ile mizizi michache iliyokuwa bado hai. Kisha, kwa kuwa alitaka kuupa mparachichi hewa, akachukua jembe akalima kuuzunguka, udongo ukiwa bado umelowa. Mparachichi hunyonya kwa mizizi ya juujuu, iliyo karibu na uso wa ardhi. Aliikata yote aliyoifikia, na mabonge aliyoyageuza yakalala yaking'aa upande uliopitiwa na jembe, halafu jua likayapiga. Baada ya siku nne tulikuwa na matofali ya kutosha kuanzia msingi wa choo.

Mama mkwe alipiga simu kila baada ya isha. Aliuliza watoto, akauliza mbuzi, akauliza bustani. Nikasema, "Haijambo, mama." Sikuwa na desturi ya kumdanganya. Neno la kwanza lilitoka kwa kutaka asiumie jicho kwa kulia. La pili na la tatu yalitoka kwa sababu ya la kwanza. Mpapai mmoja ulianguka usiku, na shina lilipokatika lilikuwa laini kama ndizi iliyoiva kupita kiasi. Tulifuturu kwa papai la kichuguuni. Mtoto wangu mdogo akaulizwa kwenye simu anakula nini, akasema papai, na nyanya yake akafurahi kwamba mipapai yake inazaa. Nilikaa na lile tonge mkononi nisiweze kulimeza.

Ndipo tukachimba mfereji. Wazo lilikuwa sahihi, na hilo huniuma mpaka leo, kwa sababu maji kweli yalihitaji njia. Lakini mawingu yalikuwa yamekusanyika upande wa Kongo, na shemeji na wenzake wawili walichimba kwa haraka kati ya tarawehe na usiku wa manane, kwa mwanga wa tochi, wakifuata pale ambapo udongo ulikuwa mwepesi kuchimbika. Hakuna aliyemwaga hata jagi moja la maji kuona yatakwenda wapi. Mvua ilishuka saa nane. Saa tisa na nusu, nikiwasha moto wa daku, nilisikia sauti ya Haboba ikiniita kwa jina la mwanangu wa kwanza, namna anavyoniita siku zote.

Jiko lake lilikuwa na maji ya kifundo cha mguu. Gunia la mkaa lilikuwa limelowa nusu. Unga wa mtama aliouanika na kuusaga kwa ajili ya mkate wa kisra wa sikukuu ulikuwa sakafuni, umekuwa uji. Na maji yalikuwa bado yanakuja, yakitokea kwetu, mfereji mzima ukimwaga mlangoni pake. Haboba amepita miaka 70. Alikuwa amesimama na sufuria mkononi akiyachota maji kuyamwaga nje, nayo yakirudi.

Sikuwa na la kusema ila kupiga magoti palepale majini. Akasema, "Inuka, binti. Ziba kwanza. Samahani utaniomba kukikauka." Shemeji akaziba kwa viroba vya mchanga. Siku hiyo tulikula daku sote jikoni kwangu, Haboba na wajukuu zake watatu, na kwa siku tisa baadaye walipikia kwangu. Mkaa tulimlipa. Mtama niliuagiza, nikausaga, nikampelekea kilo mbili zaidi. Bado nahisi deni lile halijaisha.

Asubuhi ileile, kabla jua halijapanda, alikuja na fimbo yake kuitazama bustani iliyomwagikia jikoni kwake. Hakutazama majani. Alinyoosha fimbo kwenye mguu wa mwaridi mweupe akasema, "Tia mkono." Nikatia. Chini ya ganda la udongo, vidole vitatu tu kwenda chini, kulikuwa na tope baridi. "Zaidi." Nikafika kiwiko. "Nusa." Harufu ilikuwa ya yai viza. Udongo mwekundu niliokuwa nikiujua ulikuwa umegeuka kijivu huko chini, na vimizizi nilivyotoka navyo vilikuwa vya kahawia; nilipovivuta, ganda lake lilichomoka likabaki uzi mtupu, kama soksi inavyovuka mguuni.

"Unaona," alisema. "Mti unazama. Anayezama naye hutapatapa, na wewe wa juu unadhani anakuita umpe maji."

Baadaye nimesoma habari hii katika vitabu, na kila nilichosoma kimemkubalia Haboba. Mzizi hupumua. Hewa yake iko katika vitundu vya udongo, na vitundu vikijaa maji hewa mpya hupenya polepole mno, yapata mara 10,000 polepole kuliko inavyopita katika hewa yenyewe. Mzizi uliokosa pumzi hauwezi kupandisha maji, hata ukiwa umekaa ndani yake, kwa hiyo majani hulegea mfano mmoja na yale ya mti wenye kiu. Mpapai ni dhaifu mno. Siku mbili za maji yaliyotuama zatosha kuuua. Kisha anaingia adui wa pili. Kuna vimelea viitwavyo Fitoftora, jina alilowapa Mjerumani Anton de Bary mwaka 1876 kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya mharibifu wa mimea. Ndugu yao mmoja ndiye aliyeozesha viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845. Mbegu zao ndogo zina mikia, nazo huogelea katika maji ya udongo kutoka mzizi hadi mzizi. Mimi, kwa ndoo zangu, nilikuwa nikiwachimbia bahari.

Usiku ule sikungoja simu ya mama mkwe, nilipiga mimi. Nikasema yote bila kupumzika: mipapai miwili imekufa, mpasheni umeoza shingo, mwaridi mmoja mwekundu umekwisha na mweupe uko mahututi, mparachichi unapukutisha majani, jiko la Haboba limefurika kwa sababu yetu, na kwamba nimekuwa nikimdanganya tangu mwanzo wa mwezi mtukufu. Upande wa pili kulikuwa kimya. Nilisikia redio ya nyumba ya wifi, nikasikia mtu akiizima.

"Wa kichuguuni je?" aliuliza.

"Mzima, mama. Una matunda kumi na moja."

Akanyamaza tena. Kisha akasema, "Nendeni mkautazame vizuri huo. Mchwa wanajua kitu."

Tulikwenda. Kichuguu kile kimo chake kinanifika kiunoni. Mchwa walikuwa wameupandisha udongo chembe kwa chembe na kuutoboa njia zisizo na hesabu, basi maji yakinyesha yanateremka na hewa inabaki. Shemeji alitaka kukivunja atumie udongo wake. Watoto walilia, kwa sababu humo ndimo wanamopata kumbikumbi wakati wao ukifika, na nyumba ya huku kwetu West Nile haivunji kichuguu chake kirahisi. Tukaamua kujenga vyetu.

Kazi ya kwanza ilikuwa kutofanya kazi. Mama mkwe aliagiza kwa simu kwamba mtu asikanyage bustani siku tano, na anayelazimika kupita apite juu ya mbao. Mfereji tuliuchimba upya mchana, tukimwaga jagi la maji kila hatua chache, ukazunguka nyuma ya kiwanja ukashuka bondeni penye magimbi, ambayo hayajawahi kulalamikia maji. Samadi na nyasi nilizokuwa nimezirundika miguuni mwa miti nilizivuta nyuma, shina lipate upepo. Udongo wa juu wenye Urea niliuparua nikautupa mahindini. Maji sikumwaga tena hata tone.

Kila asubuhi nilichukua tonge la udongo nikalifinya. Likibaki na alama za vidole huku linang'aa, tunangoja. Siku ya sita lilivunjika, ndipo shemeji akashika mtaimbo na kutoboa mashimo kuuzunguka mparachichi, mbali na shina, pale kivuli cha matawi kinapoishia, akayajaza mchanga wa mtoni na vumbi la mkaa. Mizizi ikiwa imepungua nusu haiwezi kuyalisha matawi yote, kwa hiyo tulipunguza ncha zilizokauka, na matawi yaliyobaki wazi juani tukayapaka chokaa yasiungue. Mbolea mama mkwe aliikataza kabisa mpaka mti utoe majani mapya wenyewe. "Mgonjwa hapewi pilau," alisema.

Mwaridi mweupe ndio ulionikesha. Majani yake yalikuwa na madoa meusi, niliyaokota yote, ya mtini na ya chini, nikayachoma moto. Nilipochimbua, mzizi uliobaki mweupe ulikuwa mmoja, unene wa penseli. Nilikata yote ya kahawia mpaka nilipokuta uzima, nikaupanda upya juu ya tuta la kimo cha goti. Na kwa kuwa sikuuamini, nilikata vijiti sita nikavichomeka kwenye mchanga chini ya chupa za plastiki zilizokatwa vitako. Mama yao alikufa baada ya wiki mbili. Vijiti vinne vikawa vyeusi. Viwili vikachipua, na asubuhi nilipoona lile jicho jekundu dogo likijitokeza kando ya kijiti, nilimwamsha mtoto aje ashuhudie.

Kana hazikudhurika hata kidogo. Bugenvilia ilipukutika yote, ikakaa uchi mwezi mzima, halafu ikarudi na maua kuliko mwanzo. Mpasheni ulikuwa umeoza pale shina linapokutana na ardhi, tukaung'oa na kuuchoma. Mpya tuliununua Ariwara baada ya mipaka kufunguliwa, wa zambarau uliobebeshwa juu ya shina la manjano, kwa kuwa la manjano huvumilia ugonjwa wa mnyauko kuliko la zambarau.

Juni magari ya abiria yaliporuhusiwa kwingine, wilaya za mipakani kama zetu ziliambiwa zingoje. Mama mkwe alikuwa amekwenda Arua ikiwa manispaa. Tarehe 1 Julai ikawa jiji naye bado yumo. Njia ilipofunguka alishuka pale lango la bugenvilia peke yake, bila kushikwa mkono. Haboba alikuwa amekuja kumpokea. Wakakumbatiana kwa muda mrefu, wakaulizana habari za macho na magoti, halafu mama mkwe akavua viatu akaingia bustanini.

Alitembea kama alivyonitembeza siku ile, shina kwa shina, ila sasa hakupapasa. Alitazama. Kwenye mashimo mawili ya mipapai alisimama, akachutama, akatia vidole ardhini mpaka kwenye pete, akanusa. Kwenye vijiti viwili vya mwaridi alifunua chupa, akaifunika tena polepole. Chini ya mparachichi aliangalia juu, penye majani machanga ya rangi ya shaba, akasema kitu kwa Kikakwa ambacho hakikuwa cha kwangu. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba radhi tangu alfajiri. Alipogeuka kunitazama, sikumbuki kama aliwahi kunitazama hivyo, maana miaka yote niliyokaa naye alikuwa akiniona kwa ukungu.

"Kumbe una doa hapa," alisema, akagusa shavu langu.

Kisha akafungua fundo la kanga. Ndani mlikuwa na karatasi, na ndani ya karatasi mbegu nyeusi zilizokauka, za papai alilolila kwa binti yake usiku ule wa simu, na ambazo aliziosha na kuzianika dirishani. Tulipanda nne nne katika kila tuta, kwa kuwa mpapai dume hujulikana kwa maua tu na sharti ungoje ndipo uuondoe. Haboba aliketi juu ya kigoda akishika jagi. Alimwaga maji kidogo kwenye tuta la kwanza, tukasimama wote watatu kutazama yanakwenda wapi.